Shahidi wa Gazeti ni Nani? Uhakiki wa Madai ya Kutoegemea Upande katika Utafiti wa Magazeti ya Kiswahili

Katika maandishi mengi yahusuyo historia ya magazeti ya Kiswahili hukutwa kauli fupi ambayo hupita bila kuhojiwa. Gazeti moja huelezwa kuwa lilikuwa chombo cha serikali. La pili, chombo cha chama. Na la tatu husemwa kwamba halikuegemea upande wowote. Kauli mbili za kwanza kwa kawaida hufuatwa na jina la mwenye gazeti na mwaka lilipoanzishwa. Ya tatu huachwa peke yake, kana kwamba ni jambo lionekanalo kwa macho kama rangi ya karatasi. Yamkini sababu ni kwamba kuegemea huhesabiwa kuwa tendo, nalo tendo hudai ushahidi. Lakini kutoegemea huhesabiwa kuwa ni kukosekana kwa tendo, na kwa hiyo mtafiti hujiona amesamehewa kazi ya kuthibitisha. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba msamaha huo hauna msingi. Dai kwamba gazeti limekuwa na insafu ni dai zito kuliko dai kwamba limependelea, na mashahidi wake ni wachache zaidi.

Jambo hili lawahusu wanafunzi wa fasihi kama linavyowahusu wanahistoria. Sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20 iliwafikia wasomaji kwanza katika kurasa za magazeti. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika, lilichapisha tungo za washairi wengi, Shaaban Robert akiwa miongoni mwao. Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, lilikuwa mali ya kampuni ya East African Standard, ambayo gazeti lake kuu lilisomwa na kutegemewa na walowezi. Mhakiki anaposema kwamba hivi ndivyo Waswahili walivyofikiri katika miaka ya 1930, naye ameshika mkononi toleo la Mambo Leo peke yake, huwa ameuchukua uaminifu wa gazeti hilo kwa mkopo bila kuuliza nani aliyeuwekea dhamana.

Kabla ya kuwaita mashahidi, hapana budi istilahi zitenganishwe, kwa kuwa maneno matatu hutumiwa kana kwamba ni mamoja. La kwanza ni ukweli: habari kulingana na tukio. La pili ni usawa: pande mbili kupewa nafasi iliyo sawa. La tatu ni insafu: kila upande kupewa haki yake kwa kadiri ya ushahidi ulio nao. Gazeti laweza kuwa na usawa bila insafu, likawapa nafasi sawa mwenye kusema kweli na mwenye kusema uongo, kisha likajitoa kama mtu aliyenawa mikono. Vilevile laweza kuchapa maneno yaliyo kweli moja moja, lakini kwa kuyachagua na kuyapanga likampeleka msomaji mahali ambapo ukweli mzima haukuelekea. Anayesema gazeti "halikuegemea" hana budi kusema amepima lipi kati ya haya matatu, maana ushahidi wa moja hautoshi kwa jingine.

Shahidi wa kwanza ambaye huitwa mara nyingi, naye hafai, ni gazeti lenyewe. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Maneno yaandikwayo chini ya jina la gazeti, tahariri za kuadhimisha miaka tangu kuasisiwa, na hotuba za wenye mali hueleza nia, hazielezi matokeo. Gazeti la Wabolsheviki lililoanzishwa Urusi mwaka 1912 liliitwa Pravda, yaani Ukweli, wala hakuna mtafiti ambaye angelitaja jina hilo kuwa ithibati. Hata hivyo watafiti wale wale huzipokea ahadi za namna hiyo zinapotoka katika magazeti wanayoyapenda. Mfano wa karibu ni wa Tanzania. Gazeti la The Standard la Dar es Salaam lilipotaifishwa mwaka 1970, Rais Nyerere alitoa mwongozo ulioahidi kwamba gazeti lingekuwa huru kuikosoa serikali katika utekelezaji wa kazi zake. Mwongozo huo ni hati yenye thamani, lakini ni ushahidi wa ahadi. Mwaka 1971 mhariri wake, Frene Ginwala, aliondolewa baada ya gazeti kuishutumu serikali ya Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti. Atakayeisoma ahadi bila kulisoma tukio hili, au tukio bila ahadi, atakuwa amesikiliza nusu ya kesi.

Shahidi wa pili ni mshindani wa gazeti, pamoja na mwanasiasa aliyekwaruzwa nalo. Ushuhuda wao hautupwi, kwani adui huona kovu ambalo rafiki hulifunika. Lakini hauwezi kusimama peke yake. Shahidi wa tatu ni umiliki. Ni rahisi kuandika kwamba Kenya Times na Kenya Leo yalikuwa ya KANU kuanzia mwaka 1983, kwamba The Standard lilinunuliwa na kampuni ya Lonrho mwaka 1967, au kwamba Taifa Leo ni la kampuni iliyoasisiwa na Aga Khan. Hayo yote ni kweli, nayo humwonyesha mtafiti pa kutazama. Hayamwambii atakachokikuta. Umiliki ni mwelekeo wa upepo. Bado mtu hujapimiwa jahazi lilikokwenda.

Shahidi wa nne ni tuzo, naye hudanganya zaidi kwa kuwa huvaa joho la uamuzi wa watu wengine. Walter Duranty, mwakilishi wa New York Times mjini Moscow, alipewa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1932 kwa makala aliyoyaandika mwaka 1931. Baada ya hapo ikaja njaa kubwa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni ya watu, hasa Ukraine. Mwezi Machi 1933 Gareth Jones, kijana kutoka Wales aliyepita vijijini kwa miguu, alitangaza aliyoyaona. Katika mwezi huo huo Malcolm Muggeridge alichapisha habari za njaa hiyo katika Manchester Guardian. Tarehe 31 Machi Duranty aliwapinga katika gazeti lake, akakana kwamba kulikuwa na njaa ya kuua watu. Lakini baadaye mwaka huo huo, katika mazungumzo na wanadiplomasia wa Uingereza, alitaja idadi ya vifo iliyopita kwa mbali chochote alichokuwa amekichapa. Mnamo mwaka 2003 bodi ya tuzo ilikataa kuiondoa tuzo yake. Hivyo basi tuzo ipo, na njaa ilikuwapo. Mtafiti aliyetosheka na tuzo angelihukumu gazeti kwa hati safi. Yule aliyekwenda kwenye kumbukumbu za ubalozi, zilizoandikwa kwa shughuli nyingine kabisa na bila kusudi la kulitetea wala kulishtaki gazeti, angekuta maneno ya mwandishi yakishuhudia dhidi ya kalamu yake.

Hapa ndipo sifa ya kwanza ya shahidi huru inapojitokeza. Uhuru wake hautokani na kutokuwa na maoni, kwa maana hakuna mtu asiye na maoni. Hutokana na kwamba ushahidi wake haukutengenezwa kwa ajili ya kesi iliyo mbele ya mtafiti, au, kama umetengenezwa kwa ajili hiyo, kwamba mtu mwingine yeyote aweza kuurudia upya na kuukagua.

Mfano bora wa aina hii ya pili ni uchunguzi wa Walter Lippmann na Charles Merz uliochapishwa kama nyongeza ya jarida la The New Republic tarehe 4 Agosti 1920. Wawili hao walilipima New York Times katika habari zake za mapinduzi ya Urusi kuanzia Machi 1917 hadi Machi 1920. Hawakuanza kwa kuuliza ni nani aliyekuwa na haki, Wabolsheviki au adui zao. Walichagua mambo machache ambayo hapakuwa tena na ubishi juu yake, mathalani kwamba utawala wa Wabolsheviki ulikuwa bado umesimama, kisha wakauliza: je, msomaji wa gazeti hili alitayarishwa kuyatarajia mambo hayo? Walihesabu mara 91 ambazo gazeti lilisema kwamba utawala huo ulikuwa unakaribia kuanguka au umekwisha kuanguka. Hesabu hiyo haihitaji kuaminiwa kwa sababu ya majina ya waliohesabu. Asiyeamini aweza kuyafungua matoleo yale yale akahesabu mwenyewe.

Yafaa ieleweke kwamba jarida lililochapisha uchunguzi huo lilikuwa na msimamo wake wa kisiasa, na kwamba Merz baadaye aliajiriwa na gazeti lile lile, akaongoza ukurasa wake wa tahariri kuanzia mwaka 1938 hadi 1961. Mhakiki mwepesi angesema upande mmoja kwamba ni washindani, na upande mwingine kwamba ni marafiki, akawakataa kwa sababu mbili zinazopingana. Lakini uzito wa ushahidi uko katika njia iliyotumika, na njia hiyo ilikuwa wazi.

Historia ya Kenya inatoa mfano ambao hauna budi kufundishwa pamoja na huo. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, waliuawa kwa kupigwa na walinzi katika jitihada ya kuwalazimisha kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika gari la maji. Tuchukue gazeti lililoichapa taarifa hiyo neno kwa neno, likataja ilikotoka, lisitukane mtu wala kuongeza la kwake. Kwa vipimo vinavyotumiwa na watafiti wengi, gazeti hilo lingepita: chanzo kimetajwa, lugha ni ya adabu, maoni hayamo. Hata hivyo msomaji wake angejua nini? Angejua uongo uliopangwa vizuri.

Mwanafunzi wa lugha aitazame taarifa hiyo kwa makini. Haikusema kwamba maji yaliwaua. Ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Kiunganishi "baada ya" hutaja mfuatano wa wakati, lakini msikilizaji wa kawaida hukipokea kama sababu, kwa kuwa hakuna mtu ataje maji mahali pasipo na haja ya maji. Kitenzi nacho kimechaguliwa: aliyekufa hahitaji muuaji, aliyeuawa humhitaji. Kwa hiyo upendeleo wote umejificha katika kiunganishi kimoja na kauli moja ya kitenzi, mahali ambapo kuhesabu safu za gazeti kusingeufichua kamwe.

Uliofichua ulikuwa uchunguzi wa vifo mbele ya hakimu, ambao ulithibitisha kwa ushahidi wa madaktari kwamba wafungwa hao walikufa kutokana na majeraha ya kupigwa. Ingawa hakimu alikuwa mtumishi wa serikali ile ile iliyotoa taarifa, mashahidi waliapa, wakahojiwa, na miili ikapimwa. Tena usiku wa tarehe 27 Julai 1959, katika Bunge la Uingereza, mmojawapo wa walioishambulia serikali kwa ukali kuhusu Hola alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe. Shahidi anayesema dhidi ya maslahi ya upande wake ana uzito ambao mpinzani hawezi kuwa nao. Na mnamo mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi Hanslope Park maelfu ya majalada yaliyoondolewa katika makoloni, jambo lililofungua njia ya fidia kwa waathiriwa wa Kenya mwaka 2013. Atakayehukumu insafu ya magazeti ya Nairobi ya miaka ya 1950 bila kuyatazama majalada ya namna hiyo atakuwa amekipima kivuli kwa kivuli.

Ama kuhusu wingi wa vyanzo, kuna kosa ambalo hutendwa na watafiti waangalifu pia. Mtu hukusanya vitabu vitano vinavyosema gazeti fulani lilikuwa la haki, akaviorodhesha, akadhani ana mashahidi watano. Akivifuata hadi mwanzo, hukuta kwamba cha tano kimenukuu cha nne, cha nne kimenukuu cha tatu, na cha kwanza kimenukuu kijitabu kilichotolewa na gazeti lenyewe. Elimu ya hadithi, ambayo imefundishwa katika madarasa ya pwani kwa karne nyingi, ina dawa ya ugonjwa huu. Wanazuoni hawakuitazama matini peke yake. Waliipima isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi: nani alipokea kwa nani, je walikutana, je alijulikana kwa uaminifu. Habari iliyopokewa kwa njia nyingi ambazo haiyumkiniki kuwa zilikubaliana kutunga uongo walitenganisha na habari ya njia moja, hata kama hiyo ya njia moja ilirudiwa na vinywa mia. Mtafiti wa magazeti akiichukua kanuni hii, orodha nyingi za marejeo zitapungua ghafla.

Kanuni hiyo ina matumizi ya moja kwa moja katika magazeti ya Kiswahili ya Kenya. Taifa Leo na Daily Nation ni watoto wa nyumba moja. Kenya Leo na Kenya Times yalikuwa hivyo hivyo wakati wa uhai wao. Mapacha hao wakikubaliana, ni shahidi mmoja aliyesema kwa lugha mbili. Lakini wakihitilafiana, hapo mtafiti amepata mali, kwa sababu tofauti hiyo haiwezi kulaumiwa kwa mwenye kampuni wala kwa tukio. Imetoka katika chumba cha wahariri wa Kiswahili. Vitenzi vya kuripoti ndivyo vifaavyo kupimwa kwanza. "Alisema" humwacha msemaji alipo. "Alieleza" na "alifafanua" humkubalia kwamba ayasemayo ni kweli. "Alidai" humtia shakani, na "alikiri" humtia hatiani kabla ya hukumu. Mtafiti achukue kipindi kilichowekewa mipaka, wiki za kampeni kwa mfano, aviorodheshe vitenzi hivyo vyote, na aangalie ni wasemaji wa upande gani hueleza na wa upande gani hudai. Kisha atazame toleo la Kiingereza la siku hiyo hiyo ili ajue kama neno lilitafsiriwa au lilichaguliwa. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu asiyeisikia tofauti ya vitenzi hivyo sikioni. Kwa hiyo idara za lugha zina deni hapa ambalo idara za siasa na za uandishi wa habari haziwezi kuwalipia.

Kipimo cha vitenzi nacho kina mpaka wake, kwani hupima kilichochapwa tu. Gazeti huegemea pia kwa kunyamaza, na kurasa za mashairi na barua ndizo mahali ambapo kimya hicho huonekana kidogo zaidi. Tungo zilizokataliwa na mhariri wa Mambo Leo hazimo katika Mambo Leo. Utulivu wa kurasa hizo waweza kuwa utulivu wa nchi, au utulivu wa kapu la taka. Njia ya kuamua ni kutafuta maandishi ya zama zile zile ambayo hayakupita mkononi mwa mhariri: miswada iliyobaki katika familia za watunzi, diwani zilizochapwa baadaye, na barua za siri. Barua alizomwandikia Shaaban Robert ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo zimekwisha kuchapishwa, ni hazina ya namna hiyo. Humo mtunzi aliyezoeleka kwa sauti ya gazetini anasema na nduguye, na mhakiki anapata mahali pa kuilinganisha sauti moja na nyingine. Watunzi wengine wengi hawana kumbukumbu kama hizo katika maktaba zetu, na kwa hao uamuzi juu ya insafu ya mhariri wafaa uahirishwe.

Kutokana na mifano hii, dai la kutoegemea upande linapaswa kuandikwa kwa namna nyingine kuliko ilivyozoeleka. Halifai kuwa sifa ya gazeti zima kwa maisha yake yote. Laweza kukubaliwa likitaja jambo lililopimwa, tarehe za mwanzo na mwisho, kipimo kilichotumiwa, na angalau shahidi mmoja wa nje ambaye mnyororo wake haurudi katika nyumba ya gazeti hilo. Kwa mfano, ni halali kusema kwamba katika kesi fulani, kati ya mwezi huu na ule, gazeti fulani liliripoti maneno ya pande zote mbili kwa vitenzi vya uzito mmoja, na kwamba habari zake zinakubaliana na kumbukumbu za mahakama. Kauli hiyo ni ndogo, lakini yaweza kukanushwa na mtu mwenye ushahidi bora. Na kauli isiyoweza kukanushwa haina nafasi katika utafiti.

Pengine itasemwa kwamba masharti haya ni magumu, na kwamba yatawaacha watafiti wengi bila la kusema juu ya insafu ya magazeti waliyoyachunguza. Hilo ni kweli. Lakini wafungwa wa Hola walikaa katika kumbukumbu za taarifa ile ya kwanza kama watu waliokufa baada ya kunywa maji, mpaka walipopatikana mashahidi walioapa. Mtafiti ambaye hajawapata mashahidi wa namna hiyo aandike jina la mwenye gazeti, mwaka wa kuanzishwa, na yaliyochapwa humo, kisha anyamaze juu ya mengine.